Biri Laini kwa Kahawa ya Asubuhi

Jumanne, 2 Septemba 2025. Chekereni.
Joto. Mbu. Miaka arobaini nanusa matope ya mpunga, na Kornel, mdogo wangu, kakalia kihamba, shamba la ukoo alilotuachia baba kule juu Kibosho! Eti mila humpa wa mwisho nyumba ya baba. Bila shaka mila hiyo ilitungwa na mtoto wa mwisho.

Siku hizi anapokea watalii wa kahawa. Mmoja kamwachia kasha la biri, zile sigara nene za majani matupu. Hajui azifanyeje. Nimempigia simu: mimi ni mwonjaji tangu ujana. (Nimesoma tu.) Tumekubaliana. Jumamosi nizionje na kuzieleza mbele ya wageni. Wakiridhika, chumba cha uani ni changu. Kurudi nyumbani!

Alhamisi, 4 Septemba.
Kornel kanitumia biri moja ya mazoezi. Nimeivuta na kahawa chungu. Tathmini: nyasi kavu, ganda la karanga, utamu kidogo mwishoni. Laini mno, haina ubavu. Nikavuta moshi mpaka tumboni. Mke wangu Stella kanikuta nimekumbatia nguzo ya banda la mbuzi. Kasema hata bibi yake, mvuta kiko, hakuwahi kumeza moshi. Nimemwambia asiingilie utaalamu.

Jumamosi, 6 Septemba. Kibosho.
Baridi ile! Migomba ile! Nusura nilie. Wageni wanne, kahawa mezani. Nikampa mmoja biri. Kornel akanizuia. Akatangaza, kwa sauti ya padri, kwamba kwetu mwenyeji huonja mbege, pombe yetu ya ndizi, kwanza ndipo mgeni anywe, na biri ni vilevile. Kaka aanze! Makofi. Nyoka yule!

Nikavuta kwa kifua chote. Nikafungua kinywa nieleze karanga. Zikatoka ndizi za asubuhi, zote, juu ya kahawa iliyoanikwa na Flavia, mke wa Kornel. Flavia kaniita shemeji kwa namna ambayo sijapata kuisikia. Chumba hakuna. Kornel kanisindikiza barabarani akicheka, eti: kaka, na hiyo ndiyo laini!

Jumapili, 7 Septemba. Chekereni.
Nimetafakari misa nzima. Kosa ni la biri. Kitu laini huudanganya mwili: kifua kilijiandaa kupigana, kikakosa adui. Mtu mzima anahitaji kali. Jirani yangu Primus ana tumbaku nyeusi ya msokoto. Nimemwarifu Kornel kwamba Jumamosi naja nayo, na nitaanza mimi, bila kuombwa. Hajajibu. Kaogopa!

Stella kauliza nitaivutaje. Swali gani hilo? Mpaka tumboni.