Kichwa cha Paa, Kichwa cha Tufaha

Munir alipomwona Bi Khairat amesimama dirishani, anamtazama mbwa wa jirani kwa jicho la husuda, alijua kwamba riziki yake imefika. Wapo wanaotafuta riziki shambani na wapo wanaoitafuta dukani. Munir aliitafuta kwenye vijicho vya watu, na Mji Mkongwe haukuwahi kumrudisha mikono mitupu.

Huyu Munir alikuwa papasi, mmoja wa wale wanaomganda mtalii tangu bandarini mpaka mlango wa hoteli, dalali wa kila kitu asichokuwa nacho. Kwao Jang'ombe, lakini kwa wageni alikuwa mjukuu wa mfalme, na kila msimu mfalme alikuwa mwengine. Alikuwa na Vespa ya bluu, miwani ya jua aliyoivaa hata kwenye mvua, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji ya chumvi. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, na kilimnyima usingizi: fremu. Alitaka chumba chenye mlango wa barabarani, meza, feni na kibao chenye jina lake, wale wenye ofisi zao waache kumwita "kijana" na umri wake ule.

Chumba hicho kilikuwepo, Mkunazini, chini ya nyumba ya wageni ya Bi Khairat. Kilikuwa kimefungwa kufuli muda mrefu kwa sababu mwenyewe hakumwona mtu wa hadhi ya kukikodi. Mmoja alimkataa kwa meno yake. Mwengine alimkataa kwa kuwa mama yake hakuja mazikoni kwa mume wa Bi Khairat, na mume mwenyewe alizikwa zamani hizo.

Basi mbele ya Bi Khairat, ng'ambo ya kichochoro, kulikuwa na nyumba ya wageni ya Abdulrazak. Vitanda vyake vibovu, chai yake maji matupu, lakini Abdulrazak alikuwa na chiwawa. Mgeni mmoja alimwachia: kijibwa kidogo kama paka, kichwa duara, paji la uso limetuna, pua fupi imebanwa katikati ya macho. Wazungu wakipita wanapiga kelele, wanampiga picha, wanaingia, wanalala. Bi Khairat, mwenye vitanda vizuri na mdomo mbaya, akabaki na vyumba vitupu na roho inayomuwaka.

Munir hakukawia. Jambiani kulikuwa na bibi wa Kizungu anayerudi kwao, anatafuta mtu mwema wa kumwachia chiwawa wake. Munir akaapa kwamba tangu utotoni yeye na wanyama ni ndugu. Akarudi mjini na mbwa ndani ya kikapu cha ukili, kikapu kimefungwa nyuma ya Vespa kwa kamba.

Ila huyu hakufanana na yule wa Abdulrazak. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, paji lake bapa linateremka taratibu mpaka kwenye pua ndefu, masikio makubwa yamesimama kama ya paa wa Jozani aliyesikia jani likivunjika. Munir akafungua simu kujielimisha. Akasoma kwamba chiwawa wana vichwa vya namna mbili: cha tufaha, ambacho ni duara, na cha paa, ambacho ni kirefu. Akasoma kwamba kwenye mashindano huko Ulaya wanaotakiwa ni wa tufaha, na wa paa hubaki nyumbani kupendwa na wenyewe. Akasoma pia kwamba wengi wenye kichwa cha tufaha wana utosi laini kama wa mtoto mchanga. Aliyaelewa yote vizuri sana, kisha akaamua kuyasema kinyume.

Kumgusa mbwa mwenyewe, hakumgusa. Hapa msomaji asimdhanie uchamungu. Munir alfajiri ilimpita amelala, na kiapo cha uongo kilimtoka kabla ya chai. Lakini alijua kwamba mbwa ni najisi nzito, na atakayeshika umajimaji wake aoshe mara saba, moja kwa udongo, na kuosha mara saba ni kazi. Ustadhi mmoja alishamwambia kwamba mkono mkavu juu ya mbwa mkavu hauna neno. Munir hakungoja maelezo yaishe. Alimlisha yule mnyama kwa kijiti, akampa maji kwa kusukuma bakuli kwa kiatu, na kikapu akakibeba kwa kukining'iniza kwenye fimbo ya ufagio.

Kwa mwendo huo wa aibu akafika kwa Bi Khairat.

"Shikamoo Bi Khairat."

"Marahaba. Hicho nini kikapuni?"

"Dawa ya Abdulrazak," akasema Munir, na kikapu akakitua kwa mbali. "Yule wake umemtazama kichwa? Duara. Kichwa cha tufaha kile, Bi Khairat, wamejaa tele huko. Sasa mtazame huyu. Kichwa cha paa. Hawa huzaliwa kwa nadra, wanawekwa majumbani mwa wafalme. Kule Ulaya ukimwonesha tufaha wanakucheka usoni."

Bi Khairat akainama, akatazama muda mrefu. "Mbona kama panya?"

"Ndio ufalme wenyewe huo."

"Na weye unautoa wapi ufalme, Munir, mtu hata soksi huna?"

"Nnakupa kwa sababu nnakuheshimu. Sitaki fedha. Nipe fremu ya chini msimu huu, tuishi kijirani."

Mwanamke anayeona wivu hasikii vizuri. Bi Khairat aliangalia kichochoro, akamwona mgeni mwengine anaingia kwa Abdulrazak, na ufunguo ukamtoka mkononi. Jioni ile kibao kilining'inia: OFISI YA MUNIR, SAFARI ZA KIFALME. Akakaa chini ya feni, miguu juu ya meza, akiwaita wenzake wa jana "vijana".

Raha ile haikumkaa. Hazikupita siku nyingi akaingia mtu mzima mwenye kanzu nyeupe, kilemba cha Kiomani na harufu ya udi iliyomtangulia mlangoni. Akajitaja kwa jina la Haitham. Alisema taratibu, kama mtu asiyezoea kukatizwa.

"Nimeambiwa weye ndiye mjuzi wa chiwawa mjini hapa. Mke wangu kanituma. Anataka mmoja, mwenye kichwa cha tufaha."

"Cha paa je? Kina heshima zaidi," akajaribu Munir.

"Cha paa sikitaki hata bure," akasema Haitham, akizungusha ufunguo wa gari kidoleni. "Nna Noah yangu pale nje. Narudi Maskati kesho, gari sina haja nalo. Atakayenipa tufaha ataondoka nayo."

Munir akachungulia. Noah nyeupe, viti vya ngozi, inameta. Akajiona anawapeleka wageni Jozani na Makunduchi ndani ya gari lake mwenyewe, na ghafla ile fremu aliyoililia akaiona banda la kuku. Akamwomba mheshimiwa amngoje hotelini kwake hadi alasiri, akavuka mbio kwa Abdulrazak. Abdulrazak alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwagia maji ya kuoshea vyombo.

Alipokuwa anajikung'uta kichochoroni, akamsikia Bi Khairat juu anambembeleza mtu kwa sauti ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisikia kwake. Munir akapanda ngazi mbilimbili.

Ukumbini, mbele ya wageni wawili waliokuwa wakinywa chai, juu ya mto alikaa chiwawa mwekundu wa kahawia kama karafuu kavu. Amevishwa kofia ya kitoto ya kufuma, kichwa kimetuna duara, na pua imezungushiwa kitambaa.

"Umekuja kuomba radhi?" akauliza Bi Khairat. "Yule panya wako wageni wamemkataa. Nshampeleka Makunduchi akafukuze kunguru. Huyu nimeagiza Dar. Tufaha, wa asili."

"Kofia ya nini?"

"Utosi wake haujafunga, maskini. Upepo ukimpiga tu, basi. Na pua ina mafua."

Utosi Munir alishausoma kwenye simu, kwa hiyo alijua. Mtu aliyesoma kidogo hapumbazwi na mtu. Hujipumbaza mwenyewe na kuona fahari. Akasogea mpaka umbali wa mkono, akaunyoosha mkono wenyewe, akaukumbuka udongo na ndoo saba za maji, akaurudisha mfukoni.

"Kama unataka kuhakikisha, mpapase," akasema Bi Khairat. "Kachafuka kidogo tu, kajikojolea."

"La, la. Jicho langu linatosha. Niuzie, Bi Khairat."

"Siuzi. Huyu ndiye atakayemzima Abdulrazak."

Munir akabembeleza. Akamwita mama, akamwita shangazi, akalia kidogo kwa jicho moja. Bi Khairat akageuka ukutani. Akaahidi kumrudishia fremu yake. Bi Khairat akapiga miayo. Mwisho Munir akatoa ufunguo wa Vespa, akauweka juu ya ule wa fremu, ingawa Vespa ile ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kwa halali.

"Haya, mchukue," akasema Bi Khairat kwa huzuni kubwa. "Roho yangu inauma. Lakini mashahidi wangu hawa wageni: kumrejesha hakuna."

Munir akateremka na kikapu kwenye fimbo. Kwenye hoteli aliyotajiwa hawakumjua Haitham yeyote. Namba ya simu aliyoachiwa haikuita. Akazunguka Shangani yote kwa miguu, akauliza Malindi, akauliza Forodhani, jua limemkalia utosini na kikapu kinabembea mbele yake. Karibu na gati upepo ukaikamata kofia ya mbwa. Ikaanguka, na usufi wa mto uliojazwa ndani yake ukamwagika ukapeperuka njia nzima. Mbwa akapiga chafya, kitambaa kikamtoka puani, na pua ile ndefu Munir akaitambua. Akatazama masikio. Ndani ya sikio la kushoto, mahali ambapo hina haikufika, palikuwa na rangi ya maziwa.

Akarudi Mkunazini anahema. Mlango wa fremu ulikuwa wazi, feni linazunguka. Nyuma ya meza, ndani ya fulana na msuli, alikaa Haitham, anakula embe.

"Karibu," akasema Haitham. "Safari za Jozani tunazo, za viungo tunazo."

"Weye si tajiri wa Maskati?"

"Mie mtoto wa dadaake Bi Khairat. Kwetu Makunduchi. Lile gari la watu nshalirejesha."

Bi Khairat alikuwa ngazini, viganja vyekundu mpaka vifundoni.

"Nilikaa na huyo paa wako wiki nzima nikijiona malkia," akasema. "Mgeni wangu mmoja akanicheka mpaka akakaa chini. Akanambia hao ni mbwa namna moja, tumbo moja hutoa kichwa hiki na kichwa kile, kama mie na dada yangu, na wafalme hawamo. Nilitahayari, Munir. Nilitahayari sana. Basi nikamshika kwa mikono yangu hii, nikampaka hina, nikamvisha kofia, nikenda nikajiosha mara saba, moja kwa udongo. Sikufa. Weye ungemgusa kichwa mara moja tu ungelijua."

Munir akapiga hatua kuingia, angalau akae aombe maji.

"Mbwa haingii ofisini, kaka," akasema Haitham, akifuta embe mdomoni.

Munir akarudi nyuma akatafuta pa kumtua mbwa wake. Wazee waliokuwa barazani wakakusanya kanzu zao, wakasogeana mpaka mwisho wa baraza, na hakuna aliyesema anamkimbia nani kati ya wawili wale.