Mpelelezi wa Malqa Lazima Achelewe

Zablon alikuwa amebeba kiti cha mtu mwingine alipoona utajiri wake ulipo.

Kiti chenyewe kilikuwa cha turubai, kina jina la mwigizaji mgongoni, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia ila mwenye jina. Filamu ilikuwa inapigwa Jidda, pale Kandara, habari ya wapelelezi wawili Weusi kutoka Amerika wanaomfukuza mwizi mji mzima na kila wakikata kona wanaangusha meza ya mtu ya matunda. Zablon alikuwa kibarua wao. Kazi yake ilikuwa viti, na kwa kuwa viti havina maneno, alipata nafasi ya kutazama.

Akaona mambo. Akaona kwamba nyota wa filamu hakimbii. Yuko jamaa mwingine, kafanana naye mgongo tu, ndiye anayekimbia na kuanguka, kisha nyota anaingia kuhema. Akaona mwanamke ambaye kazi yake ni kukumbuka kifungo kipi cha shati kilikuwa wazi. Akaona bwana mmoja mtu mzima analipwa ili apigwe ngumi, na anasifiwa kwa kupigwa vizuri. Lakini aliyemkaa moyoni ni dairekta, mtu mfupi mwenye kofia, asiyebeba chochote. Huyu alisema neno moja tu, "Rudia," na watu wote, magari yote, mpaka askari wa barabarani, wakarudi walikotoka wakaanza upya. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwizi wa filamu alitoka dukani na mkoba. Mara ya kwanza, muuza viatu jirani alipiga kelele za kweli. Baada ya kurudia na kurudia, muuza viatu alikuwa anakula tende. Mwisho hakuinua hata kichwa.

"Mtu akitoka na mkoba mara nyingi haonekani tena," Zablon alimwambia rafiki yake Allan kwa simu.

"Sasa?" Allan akauliza. Allan alikuwa dereva Riyadh, anapakia mchele na unga kwenye maghala ya Al-Sulay na kuwapelekea wenye nyumba kubwa.

"Sasa nitafutie nyumba yenye dhahabu, buda."

Filamu ilipokwisha, wageni wakaondoka na vyombo vyao. Kofia moja na kile kibao cheusi cha kupigia *tap* mbele ya kamera havikuondoka nao. Zablon hakuviiba, alivibeba tu, kama alivyozoea kubeba.

Nyumba ilikuwa Al-Malqa, mtaa wa Riyadh. Wenyewe walikuwa Mzee Haidar na mkewe Bi Badriya, wazee wao walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na humo ndani Kiunguja kilikuwa kinasemwa kama jana ndiyo wamefika. Mzee alikuwa na maduka ya marashi, sasa amewaachia wanawe, kazi yake kutazama filamu za wapelelezi na kuwaambia wapelelezi walipokosea. Jikoni alikuwako Metrine, mtu wa Vihiga, wa kwao Allan. Zablon akaanza na jikoni, kama fundi anayeanza na msingi.

"Kwenye filamu yangu ya uongo utacheza mwizi," akamwambia. "Dhahabu ikitoka, na wewe una fungu lako."

"Dhahabu yenu mimi sitaki," Metrine akasema bila kuacha kumenya vitunguu. "Baba wa nyumba hii ameshanitolea khuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini halas, bila kurudi. Inaisha Alhamisi. Tiketi ninayo. Pasipoti iko kwa sefu, madam hataki kuitoa."

"Kwa nini?"

"Mkate wa kumimina."

Zablon akangoja maelezo mengine. Hayakuwepo.

"Anasema nikienda nani atampikia. Ati ningoje Ramadhani ipite. Ile ya mwaka jana alisema hivyo hivyo." Akafuta macho kwa mkono, labda ni vitunguu. "Mtoto wangu kwa simu ananiita anti."

"Pole, dada. Hilo tutaliona."

Hili "tutaliona" la Zablon lilikuwa na historia ndefu, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa akaja kuona kitu. Metrine alimtazama kidogo, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Sebuleni kazi ilikuwa nyepesi. Zablon alivaa kofia, akajiita dairekta anayetafuta nyumba ya kupigia filamu, akaweka kibao juu ya meza, akakaa kimya mpaka Mzee Haidar akashindwa kuvumilia.

"Na hizo kamera kubwa?"

"Ziko Jidda, mzee. Kwanza tunafanya majaribio kwa simu. Simu yako hiyo mpya inatosha."

"Na mimi nitakuwa nani?"

"Mpelelezi mwenyewe."

Mzee Haidar akavuta tumbo ndani, likarudi. "Magoti yangu lakini..."

"Hapo ndipo penye kichekesho, mzee! Mpelelezi wa filamu hii huchelewa. Ukimwahi mwizi, umeniharibia."

"Na mie?" akauliza Bi Badriya.

"Tajiri aliyeibiwa, mama. Unalia."

"Kulia mie najua."

"Anajua," akasema mumewe, kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi wa miaka.

"Ila dhahabu iwe ya kweli," Zablon akasema. "Kamera haidanganyiki."

Bi Badriya akamtazama kwa upole mkubwa. "Inshallah, mwanangu. Nitazitoa za bibi yangu. Na wewe utaniachia nini?"

"Mimi, mama?"

"Pasi yako na ikama. Zikae ndani ya sefu mpaka filamu ishe. Si kwamba sikuamini."

Zablon akapiga hesabu zake. Pasipoti ikipotea, unakwenda kulia ubalozini unapewa karatasi ya kurudia nyumbani. Dhahabu ikipotea, ubalozi haukupi nyingine. Akatoa pasipoti, akatoa ikama, kibali chake cha kukaa nchini, akatabasamu.

Metrine alikuwa anaweka chai mezani. "Madam, samahani. Huyu mwizi anatoroka bila pasipoti?"

Wote wakageuka.

"Si filamu itaonwa na watu wa nje? House girl anaiba, anakimbia, pasipoti ameiacha kwa bosi. Anaenda wapi? Watacheka mahali si pa kuchekea."

"Kasema kweli," akasema Mzee Haidar, ambaye tayari alikuwa kazini. "Hata mimi ningeshuku."

"Iingie mkobani na dhahabu," akasema Bi Badriya. "Itatoka, itarudi."

Zablon hakuona ubaya.

Jumatano asubuhi wakaanza, uani. Simu ya mzee ikasimamishwa kwenye kigoda. Nje ya geti, Allan ndani ya gari lake, injini inanguruma. Mzee Haidar alivaa koti la sufi alilonunua London zamani, na jua la Riyadh likamshukia kama lina kesi naye.

"Tajiri, lia! Mwizi, toka! Beba mkoba vizuri! Mlinzi, fungua geti! Mzee, chelewa!"

Metrine akatoka na mkoba, akaingia garini, gari likasogea, likarudi. Bi Badriya alikuwa amejishika kifua.

"Rudia," akasema Zablon, na neno lilivyokuwa tamu mdomoni, karibu asahau lilimleta nini.

Mara ya pili Mzee Haidar alikimbia kwa moyo, akamshika Metrine kabla ya geti.

"Umewahi, mzee!"

"Samahani, nilisahau."

Wakarudia. Bi Badriya akaacha kujishika kifua. Wakarudia tena, akawa analia huku anaongea na dada yake kwa simu. Mlinzi akaona taabu ya kufunga na kufungua, akaliacha geti wazi. Yule muuza viatu wa Kandara, Zablon akawaza, huyu hapa, amekuwa nyumba nzima.

"Hii ya mwisho," akatangaza. "Mimi nitatangulia nje kidogo nitazame mwanga wa barabarani."

Metrine akatoka na mkoba, mwendo ule ule, wala hakuharakisha. Zablon akamfuata hatua chache nyuma, ameshika kofia. Mlango wa gari ukafunguliwa kwa Metrine, ukafungwa. Zablon akanyoosha mkono kushika mlango wa nyuma. Mlango ukamponyoka, gari likakata kona ya msikiti, barabara ikabaki nyeupe.

Nyuma yake akasikia mtu anahema. Mzee Haidar alikuwa amefika, jasho linamtiririka mikononi mwa koti.

"Vipi? Nimechelewa vizuri?"

"Vizuri sana, mzee," akasema Zablon.

Wakakaa uani kungoja gari lirudi. Chai haikuja, maana mleta chai ndiye alikuwa mwizi. Zablon akampigia Allan, simu imezimwa. Akampigia tena, akamtukana kimoyomoyo kwa lugha tatu. Kuibiwa kilichokuwa chako ni jambo moja. Kuibiwa ulichokuwa unakiiba, huna hata pa kushtaki.

"Mama," akasema mwishowe kwa sauti ya msiba, "naogopa hawa watu wamekimbia na dhahabu ya bibi yako."

Bi Badriya akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Dhahabu gani? Vile ni vya bati, nimemtuma Metrine mwenyewe akaninunulia sokoni Batha. Wewe ulidhani nitatia dhahabu ya bibi kwenye mkoba wa mchezo? Mie si mjinga, mwanangu."

Zablon akaona uchungu wa pili ukikaa juu ya ule wa kwanza.

"Basi wamekimbia na nini?" akauliza Bi Badriya, bado anacheka.

Mzee Haidar aliichukua simu kutoka kwenye kigoda, akaanza kutazama filamu yake tangu mwanzo. Wakasikia sauti ya Zablon ikitoka humo, safi kabisa: *Mwizi, toka! Beba mkoba vizuri! Mlinzi, fungua geti! Mzee, chelewa!* Akaitazama yote. Akaizima.

"Badriya," akasema, "pasi."

Kicheko kikakatika.

"Yule hana kosa. Khuruji nilimpa mwenyewe, na pasi ni yake." Akamgeukia Zablon polepole, kama alivyoona wapelelezi wa filamu wanavyogeuka. "Lakini kuna sauti hapa inamwamrisha mwizi. Mpelelezi kachelewa, kijana. Lakini kafika."

Zablon akatazama geti. Lilikuwa wazi. Nje palikuwa na Riyadh nzima, na yeye hana ikama, hana pasipoti, hana gari, na sauti yake iko kwenye simu ya mtu. Ndani ya sefu, pale pale palipokaa pasipoti ya Metrine, palikuwa na kitabu kingine.

"Polisi tusiwasumbue," akasema Bi Badriya, akijifunga mtandio. "Mpaka nipate mtu mwingine wa kazi. Unajua kutwanga iliki?"

Jioni ile simu ya Zablon ikalia jikoni. Ilikuwa sauti ya Metrine, nyuma yake tangazo la uwanja wa ndege wa Riyadh likiita abiria wa Nairobi.

"Dairekta, niko kwa laini ya kupanda ndege. Allan anakusalimia, ati usimpigie. Sasa sikia. Mchele uloweke mapema, tui liwe zito, na ukishaweka moto juu usifunue ovyo ovyo. Madam anajua ukifunua. Haya, mtoto wangu ananingoja."

Zablon alifunua. Kisha akapeleka mkate mezani, kofia ya filamu bado kichwani kwa kuwa hakuna aliyemwambia aivue. Mzee Haidar akamega kidogo, akamtazama mkewe. Bi Badriya akamega, akatafuna, akatazama dari kwa muda.

"Rudia," akasema.

Zablon akaichukua sahani akarudi alikotoka, wala hakuuliza kwa nini.