Sarafu ya Baba Iliyosimama kwa Kichwa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Daktari Bergonzi,
Chama cha Wakusanyaji Sarafu, Castelmorro.

Natangaza rasmi kwamba tangu Jumapili, baada ya misa, nimeacha kukusalimia. Naandika kwa sababu naona hukugundua.

Unamkumbuka marehemu baba yangu, Amleto Scarpellini, kinyozi. Miaka thelathini alikunyoa ndevu huku akikwambia kwamba katika kopo lake la kahawa mna sarafu moja ya lira mia iliyogongwa vibaya, na wewe, povu likiwa bado usoni, ukacheka. Nimekuletea sarafu hiyo ili iwekwe kwenye kabati la kioo siku ya maonyesho ya Mtakatifu Roko, pamoja na kadi yenye jina lake. Umeikataa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukuitazama hata nusu dakika. Upande mmoja una kichwa cha mwanamke. Igeuze kama ukurasa wa gazeti: upande wa pili mungu wa kike na mti wake wako miguu juu. Mihuri miwili ya kugongea haikulingana, hata mbuzi angeona. Yuro ya siku hizi, iliyochukua nafasi ya lira, ukiigeuza vivyo hivyo, picha zote mbili husimama wima kama askari.

2. Ulisema mbele ya wanachama: "Tullio bwana, lira zote ndivyo zilivyokuwa! Ishike juu na chini, uipindue kama kalenda ya ukutani, utamwona mama wa watu amesimama vizuri. Kosa ni ile inayotofautiana na wenzake." Wakacheka. Yaani taifa zima lilinunua mkate zaidi ya miaka arobaini likiwa na miungu kichwa chini mfukoni, na asilalamike hata mtu mmoja? Kamweleze hayo asiye na kopo.

3. Nilikuletea hata kielelezo: lira mia nyingine, ya kopo hilohilo, iliyo wima pande zote mbili kama yuro. Baba aliifunga peke yake katika karatasi ya sigara. Mtu makini yule. Alijua kosa halionekani mpaka iliyo sahihi iwe pembeni. Nikakuachia, kwa maandishi, iwe mali ya chama, upate kujifunza. Hata karatasi hukuifungua. Uliitupia kwenye droo, juu ya peremende zako za kikohozi.

4. Kwa hiyo ujiuzulu. Ukishindwa, basi kioo cha kukuzia cha chama akabidhiwe dada yangu Ersilia, ambaye ana mtoto wa jicho kulia na kushoto na bado anakuzidi kuona.

Nisalimie mkeo, mweka hazina, na yule paka wa chama, maana siku ile ndiye peke yake aliyenyamaza.

Ni mimi, nisiyekusalimia,
Tullio Scarpellini

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Ersilia amemwaga kopo lote mezani ili tuongeze ushahidi. Zimo sarafu hamsini na tatu za lira mia. Tumezigeuza moja moja, kama gazeti. Zote hamsini na tatu ziko miguu juu. Jumapili nitakusalimia, tena nitaanza mimi. Iliyo wima ilikuwa moja tu, na iko kwenye droo yako.