Herufi za Mjukuu Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeanza kufundisha chuo! Mimi, ambaye shule niliijua kwa nje tu, nikipaka ukuta wake rangi. Lakini niliwahi kuandika bango la hospitali, wagonjwa wakapona kwa kulisoma! Mwalimu wa usanifu, namwita Bi Rula kwa alivyonyooka, kaniomba niwafundishe wanafunzi wake herufi za brashi. Ana utaratibu wa ajabu: kila kundi bango moja, na kila mtu ashike kila kazi kwa zamu. Picha, rangi, herufi. Eti mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Nikamwambia tunachora, hatuchinji. Hakucheka.

Mjukuu wangu yumo. Rangi anaziweza balaa. Herufi zake? Kuku kakanyaga wino.

Jumatano, 6 Machi
Zamu ya mjukuu kuandika herufi. Na Ijumaa anakuja mwenye kiwanda cha uchapaji, kuchagua kundi la kwenda kujifunza kazi kwake! Wenzake walipotoka kunywa chai, nikamwambia apumzike, babu yupo. Akasita. Akasema wenzake walikuwa wanamwelekeza vizuri tu. Nikamjibu kipofu hamwongozi kipofu. Nikaandika zote. Zilivyopendeza!

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Mgeni kalisifu bango lao kuliko yote. Kisha akamtaka kila mmoja ajaribu kazi zote, palepale, mbele yake. Mjukuu kapewa brashi ya herufi. Herufi ya kwanza ikapinda, rangi ikamwagikia viatu. Mgeni kauliza basi nani aliandika bango. Mimi nikatazama dari. Kundi zima likaenguliwa. Bi Rula kawaombea, kama kuwapigia magoti: Jumatatu walete bango jipya.

Jumamosi, 9 Machi
Mjukuu kaniambia, babu, ulininyima hata nafasi ya kukosea. Hakupaza sauti. Heri angenitukana. Nimeapa: bango lao siligusi tena, mkono huu ukatike!

Jumatatu, 11 Machi
Nimewahi chuoni niwaombe radhi. Nikakuta wameshuka langoni kumpokea mgeni. Bango jipya mezani. Herufi za mjukuu mwenyewe, na zimesimama! Machozi yakanilenga.

Ila R moja mguu umelegea. Kidogo tu. Nimeunyoosha. Sasa jirani yake ikaonekana fupi, nikairefusha. Ya tatu nayo ikanitazama vibaya.

Nawasikia ngazini. Rangi mbichi. Ngoja nipulize.