Bastola Yangu na ya Muhdhar

Jumamosi, 2 Agosti

Wezi wamemkata mwalimu Jovina panga la bega. Mjane, jirani yetu hapa Goba, hana ugomvi na mtu. Wamebeba televisheni na mtungi wa gesi.

Asubuhi mtaa mzima tumekutana kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee Stephano. Nilijiandaa kusema kwamba mie Gaspar nina bastola, kwa leseni, tangu Juni. Kabla sijafungua mdomo, mjumbe akasema tumshukuru Mungu jirani yetu Muhdhar ana silaha. Muhdhar anauza mabati na misumari Manzese. Akainamisha kichwa, akasema yake inakaa kabatini na anaomba ibaki huko huko. Wakampigia makofi. Kwa kuacha kitu kabatini!

Nilipopata nafasi ya kuitaja yangu, watu walikuwa wanakunja viti.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani sikwenda. Nimeshinda na simu, naangalia video za watu wanaolinganisha bastola za silinda. Ya Muhdhar, nimeulizia, ni ya Kimarekani. Yangu ya Brazil, kiwanda kinachogombea wateja wale wale. Zote aina moja: huna haja ya kuvuta nyundo kwa kidole gumba. Unavuta kifyatulio tu, nyundo inajivuta yenyewe, silinda yenye risasi inajizungusha. Ya Marekani wanasema ni laini. Ya Brazil ngumu kidogo. Ngumu maana yake imara. Hilo hawalisemi. Wamelipwa.

Mke wangu Atuganile kauliza kama nimekwenda kumjulia hali Jovina. Nimemjibu nashughulikia usalama wa huyo huyo Jovina.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mpango. Ijumaa ni sikukuu ya Nane Nane, Muhdhar hafungui duka. Aje kwangu na yake, tuzilinganishe barazani mbele ya mjumbe. Mjumbe akishajionea, ulinzi wa mtaa nausimamia mie.

Nimemkuta anaosha gari. Kakataa kwa upole, eti silaha si kitu cha kutembelea nacho. Nikamwambia watu wanasema yake imeota kutu. Hakuna aliyesema. Akafuta kioo kile kile mara ya pili. Kisha akasema atakuja, ila risasi ataziacha kwake.

Atuganile anasema na za kwangu zitoke. Nimemwambia nina akili zangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika leo kwa sababu tangu Ijumaa nilikuwa mahabusu.

Muhdhar alikuja baada ya swala, amevaa kanzu, bastola kaifunga kwenye taulo. Akafungua silinda, akatuonyesha sote kwamba ni tupu. Mie nikafungua yangu, nikaiinamisha, risasi zikamwagika kwenye sinia. Ningeangalia vizuri. Lakini mjumbe alishaishika ya Muhdhar, anavuta kifyatulio chake, anatabasamu. Akasema hii kweli ni ya wakubwa.

Nikafunga silinda yangu haraka. Nikavuta. Ikalia kavu. Mjumbe hakugeuka. Nikavuta tena, macho yangu usoni kwa mjumbe, nione kama ataniangalia.

Ilikuwa imebaki risasi moja. Muhdhar alikuwa ananyoosha mkono achukue kikombe cha kahawa. Ikampata gotini.

Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akawa anaiangalia kanzu yake inavyobadilika rangi. Atuganile akavua kitenge chake cha juu, akamfunga mguu. Mie nilisimama tu. Nikajisikia nasema: yangu haijakwama.

Muhdhar kawaambia polisi ni ajali. Ndiyo maana niko nje kwa dhamana, kesi ikiendelea. Bastola zote mbili zimechukuliwa. Na ya kwake, ambaye hakufanya lolote. Hilo limenipa nafuu kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda hospitali na machungwa. Binti yake, Wahiba, alisimama mlangoni, hakuitikia salamu yangu. Baba yake ndiye aliyemwambia anipishe.

Amekonda. Daktari kasema goti halitakunjika tena. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, lakini nikajikuta naanza kueleza jinsi risasi inavyoweza kunasa kwenye silinda. Akainua mkono.

"Gaspar," akasema, "mie nilikuwa sishindani na wewe."

Akageukia ukutani. Nikabaki na machungwa yangu mapajani. Kwenye ngazi machozi yalinitoka, sikuweza kuyazuia, muuguzi akanipa kiti.

Nimelifikiria neno lake njia nzima. Anayesema hakuwa anashindana ni yule aliyeshindwa.

Atuganile amehamia kwa dada yake, Segerea. Kachukua na cherehani. Sidhani kama atarudi karibuni.

Jumapili, 31 Agosti

Muhdhar amerudi nyumbani. Mwanawe Nawaf ameweka waya wa umeme juu ya ukuta wao, kwa kuwa mzee hawezi tena kuinuka haraka akisikia kishindo. Majirani wamekwenda kuuona. Hata Jovina kaenda, mkono bado umefungwa shingoni. Mjumbe kasema huo ndio ulinzi, na kila mtu aige.

Nimempigia simu fundi Lusungu palepale. Nikamuuliza kama kuna kampuni nyingine inayotengeneza waya mkali kuliko wa Nawaf. Ipo. Amekuja mchana, kauzunguka uwanja wangu, kapima. Kisha akauliza tufanyeje na ule ukuta mfupi ulio kati yangu na Muhdhar. Nawaf ameuacha bila waya, maana mzee anaushika kila asubuhi akijifunza kutembea.

Nimemwambia aanze na huo.