Wimbo wa Sadaka Kwenye Mlolongo wa Kura

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi. Ukungu umefunika kahawa yote, hata choo hakionekani. Leo kiwandani nimesikia habari ya kunitoa jasho katika baridi hiyo hiyo: Gachoki anagombea. Gachoki! Kiti cha mjumbe wa kamati ya kiwanda chetu cha kahawa hapa Kanja. Kiti changu! Nimekikosa mara mbili tu. Mara ya kwanza kwa sababu ya mvua. Mara ya pili kwa sababu ya wivu.

Ni Gachoki yule yule aliyenipokonya kwaya. Miaka kumi na moja nilikuwa mwalimu wa kwaya. Niliwafundisha kupumua. Niliwafundisha nidhamu: anayechelewa anasimama kwa mguu mmoja mpaka wimbo uishe, hata awe nyanya wa watu. Kisha siku moja wakaniambia Mwalimu Gatakaa, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika. Pumzika! Wakamweka Gachoki, ambaye noti hazijui, anajua kutabasamu.

Mke wangu Igoki ameniomba nisigombee. Amesema watu wamenichoka. Nikamuuliza watu gani, akaendelea kumenya viazi. Mwishowe tukapatana hivi: nikishindwa mara hii, sitagombea tena maishani, na nitarudi kwaya, safu ya nyuma kabisa, niimbe besi chini ya Gachoki. Nimekubali haraka haraka. Tangu hapo chai haishuki. Mimi, nisimamishwe na kuketishwa kwa kidole cha Gachoki! Afadhali ning'oe mibuni yote.

Jumanne, 8 Julai

Mungu hamtupi Gatakaa. Purity amepiga simu kutoka Nchiru. Binti yangu yuko mwaka wa tatu chuoni, anasomea saikolojia, kitu ambacho mpaka leo asubuhi nilidhani ni hasara. Kumbe! Anaandika kazi ya chuo kuhusu muziki na umati. Anasema watu wakiimba pamoja wanaanza kuaminiana, hata wasiojuana. Anasema ngoma ikiharakisha, miguu inaharakisha, na mwenye miguu hana habari.

Hana habari! Nilisimama katikati ya shamba nikacheka peke yangu.

Purity akasema, "Lakini Baba, si hivyo tu, ngoja nimalize." Nikamwambia asihangaike, nimeelewa. Akanitumia sauti ya dakika kumi na moja kwenye WhatsApp. Nimesikiza dakika nne. Zinatosha. Wasomi hurudia rudia.

Kura yetu ni ya mlolongo. Unasimama nyuma ya unayemtaka, afisa wa ushirika anahesabu vichwa. Hakuna karatasi wala sanduku. Ni miguu tu! Na miguu, kama alivyosema mtoto wangu mwenyewe, haina habari.

Jumatano, 9 Julai

Jaribio la kwanza. Nimeenda kwa Muthomi, kinyozi wa pale sokoni, kwa sababu ana spika kubwa kuliko kibanda chake. Nilisimama hatua thelathini kutoka mlangoni na kungoja umati unijie.

Alianza na muziki wa haraka. Vijana walicheza vizuri sana, pale pale walipokuwa. Mtu wa bodaboda alicheza akiwa juu ya pikipiki. Hakuna hata mmoja aliyepiga hatua kuja kwangu. Nikaagiza wimbo wa polepole. Akina mama waliotoka sokoni wakatua mizigo, wakaketi juu ya magunia, na mmoja akaanza kumlilia marehemu mumewe. Nilitumia saa nzima kumbembeleza. Mwanachama, lakini wa kiwanda kingine!

Muthomi ameniambia, "Usijali buda, bado tunatafuta beat." Sitafuti biti. Natafuta haki yangu.

Jumapili, 13 Julai

Nimepata! Nimepata!

Tangu waniondoe, mimi hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na sadaka natuma kwa simu, ili nisipite mbele ya Gachoki na tabasamu lake. Leo mahubiri yalikuwa marefu. Nusu ya kanisa ilikuwa imelala. Kisha kwaya ikaanza wimbo wa sadaka. Wimbo wangu! Niliutunga mimi mwaka 2014, kwa Kiembu, na wanauimba bila hata kutaja jina langu.

Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kanisa zima likainuka. Hakuna aliyeambiwa. Mzee wa safu ya tatu, aliyekuwa akikoroma, aliinuka macho yakiwa bado yamefumbwa. Safu kwa safu, wakicheza mdogo mdogo, wakaja katikati, wakaenda mbele moja kwa moja. Watu mia mbili, na karibu wote ni wanachama wa kiwanda! Kwa nini sikuliona hili miaka kumi na moja? Kwa sababu mwalimu wa kwaya hutazama kwaya. Waumini nilikuwa nimewapa mgongo.

Sikungoja waishe. Nilitoka mbio kwenda kwa Muthomi.

Anayo rekodi ya zamani kwenye flashi. Shida moja: sauti inayoongoza ni ya Gachoki, alikuwa mwimbaji wangu wa kwanza wa sauti ya tena. Nimemwambia aikate. Amesema ikikatwa patabaki mashimo, ngoma na makofi tu na kwaya inayoitikia. Nikasema hiyo hiyo. Gachoki hatanipigia kampeni.

Jumatano, 16 Julai

Leo tumepanga uwanja pale kiwandani. Afisa wa ushirika ni mtu mpole, anapenda nyimbo za dini. Nimemwambia tukiweka muziki wa injili watu hawatagombana. Amesema ni wazo zuri sana. Gachoki naye alikuwepo. Amesema, "Huo wimbo ni mtamu, Mwalimu. Weka tu." Anatabasamu! Kondoo anajichagulia kamba.

Kisha afisa akauliza tutasimama wapi. Nilikuwa nimejiandaa. Nikachukua baraza ya stoo, mbele kabisa, katikati, mahali ambapo padri angesimama. Kati ya vitanda vya kuanikia kahawa kuna njia pana inayokuja moja kwa moja mpaka pale, sawa na ya kanisani. Gachoki nikamwachia pembeni, mkono wa kushoto, kando ya lango la kutokea. Hakulalamika. Nilimwonea huruma kidogo, halafu ikapita.

Igoki amenifulia koti. Ameuliza kwa nini napiga mluzi. Nikasema ni hali ya hewa.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika nikiwa ghalani. Sitaki kuonana na mtu.

Wanachama mia mbili na moja. Afisa akaeleza utaratibu, akasema kila mtu aende nyuma ya anayemtaka. Nikampa Muthomi ishara. Ngoma ikaanza.

Waliinuka! Naapa waliinuka wote! Mabega yakaanza kutikisika, akina mama wakapiga makofi, safu kwa safu wakaingia ile njia kati ya vitanda na kuja kwangu. Kwangu! Rekodi ilipofika kwenye shimo la sauti inayoongoza, zikabaki ngoma na makofi, na Gachoki kule langoni akaijaza mwenyewe, kwa mazoea, kwa sauti yake yote. Umati mzima ukaitikia. Sikujali. Watu mia mbili walikuwa wananijia wakicheza. Machozi yalinitoka. Nilimkumbuka baba, aliyepanda mibuni yetu, na hakuwahi kuchaguliwa hata kuwa mlinzi wa mizani. Nilisema moyoni, Baba, tazama.

Nyanya Kananu wa kwaya ndiye aliyefika wa kwanza. Akanitazama, akaingiza mkono kwenye leso, akaniwekea shilingi kumi kiganjani.

Kisha akageuka kushoto.

Mungu wangu. Wakati wa sadaka watu hawabaki mbele. Wanatoa, wanageuka kushoto, wanarudi kwa njia ya pembeni huku wakiimba. Kila Jumapili ya maisha yao! Walifika kwangu mmoja mmoja, wakanishika mkono, wakageuka kushoto, wakateremka kwa kucheza mpaka langoni. Na langoni alikuwa amesimama nani?

Nilipiga kelele kwamba wasimame. Wimbo ulinimeza. Nikamvuta shati mzee mmoja, akadhani nimepandwa na roho, akanikumbatia, kisha akageuka kushoto. Na Igoki! Mke wangu wa miaka ishirini na sita! Alipita mbele yangu macho yake yakiwa mbinguni, akaenda na wengine. Baadaye ameniambia hakujua kabisa amefikaje kule.

Wimbo uliisha. Afisa akapuliza filimbi, akahesabu. Gachoki mia moja themanini na saba. Mimi kumi na wanne, wengi wao wenye mikongojo, ambao hawakuwahi kugeuka.

Nikapinga. Nikasema miguu ile haikuwa yao. Afisa akauliza ilikuwa ya nani. Nikasema ni muziki uliowapeleka. Akauliza muziki uliletwa na nani. Niliangalia viatu vyangu.

Hapo Gachoki akaingilia. Akasema Mwalimu asihuzunike, turudie, bila muziki, kila mtu aende anakotaka. Mnaona ujanja huo? Ukarimu mbele ya watu! Afisa akakubali. Muthomi akazima spika. Nikasimama pale barazani nikiwa na shilingi kumi mkononi.

Walitembea. Hakuna aliyeimba wala kucheza. Nilisikia viatu kwenye changarawe, basi. Niliwaona mmoja mmoja wakifika pale njia inapogawanyika, wakinitazama usoni, na kwenda kwa Gachoki. Walijua wanachofanya. Nyanya Kananu alipita akiomba msamaha, akaniambia goti lake bado linamuuma tangu nilipomsimamisha kwa mguu mmoja mwaka wa 2019. Mwaka wa 2019! Watu wa huku hawasahau kitu.

Tisa. Nilipata tisa.

Wa kwanza kwenye mlolongo wangu alikuwa Igoki. Alisimama nyuma yangu na kikapu chake, karibu sana. Mtu angedhani hilo lingenifariji. Alipiga chafya mara mbili wakati afisa anahesabu.

Iliniuma. Nimeandika nimefuta, nimeandika tena. Iliniuma.

Jumapili, 20 Julai

Ahadi ni ahadi. Leo nimesimama safu ya nyuma kabisa, kati ya Gitari asiyesikia vizuri na nguzo. Gachoki alinishika mikono yote miwili mbele ya kanisa zima, akasema karibu nyumbani, Mwalimu. Kanisa likapiga makofi. Nilitamani sakafu ipasuke, ile ya chini ya miguu yake.

Nilikusudia kufungua mdomo tu bila kutoa sauti. Niliweza kwa ubeti mmoja. Halafu besi zikashuka, Gitari akaniegemea begani, sote tukaenda kulia, sote tukaenda kushoto, na kifua changu kikafunguka chenyewe. Niliimba! Niliimba mpaka kola ikalowa. Kwa dakika tatu hivi sikumchukia mtu yeyote, hata yeye. Aibu iliyoje. Ni vumbi la madhabahuni lililonitoa machozi, nimemwambia hivyo Igoki.

Kisha wimbo wa sadaka. Wimbo wangu. Nilienda mbele pamoja na wengine, nikaitoa ile shilingi kumi ya Nyanya Kananu, na kabla sijafikiri lolote, nikageuka kushoto. Mimi mwenyewe! Nilijikuta nimerudi kwaya, nyuma ya Gachoki, nikimfuata hatua kwa hatua.

Purity amepiga simu kutoa pole. Ameuliza kama nilisikiza sauti yote. Eti dakika ya tano ndipo alipoeleza kwamba wimbo hubeba tabia yake, kwamba watu watafanya kile walichozoea kukifanya unapopigwa. Nimemwambia nilijua. Dakika saba zilizobaki ziko hapo kwenye simu, haziozi.

Mchana huu nimekaa chini ya mparachichi na kalamu, nikatulia, nikahesabu kama mtu mzima. Bila muziki nilipata tisa. Na muziki, kumi na wanne. Tofauti ni tano. Kwa hiyo hesabu yenyewe inasema muziki ulinisaidia! Sayansi haikukosea popote. Niliwaleta, sikuwazuia, hilo tu.

Kwa hiyo nahitaji wimbo ambao ukisikika, hakuna mtu anayethubutu kuondoka aliposimama. Na uko. Wimbo wa taifa!

Nimempitia Muthomi baada ya ibada. Amesema anao kwenye flashi, ala tupu, safi kabisa. Uchaguzi ni baada ya miaka mitatu. Nilimwahidi Igoki sitagombea tena maishani, lakini maishani ni neno pana. Safari ijayo hatutahangaika na wimbo wa sadaka. Wimbo wa taifa peke yake, na uanze mapema, mara tu afisa atakapowaambia waende kupiga kura, kabla mtu hajapiga hatua.