Aethiopes wa Quakers Hill

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Baridi kali huku ughaibuni, Wetherill Park. Tangu alfajiri napakua maboksi ghalani, na bosi bado ananiita Aki. Mimi, Akilimali, niliyesoma Latin-Philo, yaani Kilatini na falsafa, sekondari kule Bukavu! Haidhuru. Jumamosi chama chetu cha Wakongomani na Wakenya wa Quakers Hill kitachagua jina, na mwenye jina litakalopita ndiye katibu. Ukatibu ni wangu. Cheruiyot, yule nesi Mkenya, analeta "Umoja". Umoja! Hata duka la sabuni huitwa Umoja. Mimi nina jina ambalo Warumi waliazima kwa Wagiriki kutuita sisi watu weusi: Aethiopes. Padri Blaise, mwalimu wetu wa Kilatini, alilitamka kwa sauti nzito, mvua ikipiga mabati, darasa zima tukaitikia. Jamani, nasikia hata harufu ya chaki.

Jumatano, 6 Agosti
Mke wangu Généreuse ameshona bango, herufi za dhahabu. Akauliza maana yake. Nikamwambia ni heshima tupu. Ukweli, siku Padri alipoeleza maana nilikuwa nimetoroka kwenda kula mapera. Akauliza tena kwa nini nahangaika hivi. Nyumba ilibaki Bukavu, vitabu vilibaki, Padri amezikwa kule. Kilatini ndicho pekee nilichotoka nacho.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu gani hii! Nimefunua bango, makofi. Cheruiyot akatoa simu, akasoma polepole, mshenzi yule: neno la Kigiriki, maana yake nyuso zilizoungua. Ukumbi mzima kicheko. Mama Ketsia akasema yeye hupaka losheni kila asubuhi, hajaungua popote. Umoja ikapita. Généreuse akagawa ndagala, dagaa wa ziwa letu kule Uvira. Katibu mpya akasukuma sahani, akasema kwao Wakalenjin hawakulelewa kwa samaki. Wenzake nao wakasukuma zao. Nikala ya Cheruiyot. Ladha ya Uvira kabisa! Machozi yakanitoka, nikasingizia pilipili.

Jumapili, 10 Agosti
Mahubiri sikuyasikia. Kosa langu nimelijua: sikuangalia maana. Basi leo nimeangalia! Kuna jina jingine la Kigiriki, Warumi wakalichukua hivyo hivyo, la watu wa pwani: Ichthyophagi. Maana yake walaji wa samaki. Nani atalikataa? Cheruiyot mwenyewe atasimama kupiga makofi. Nimeitisha mkutano wa dharura. Généreuse ameshika kichwa. Nimemwambia afumue bango taratibu: A, T, H, I, O na P zitatumika tena.